Kwa Nini Walipanda Meli? Familia za Wakulima wa Italia na Safari ya Amerika

Tunapozungumza juu ya watu wanaoiacha nchi yao, neno "tamaa" hutujia haraka mdomoni. Ndivyo walivyosemwa pia wakulima wa Italia katika karne ya 19. Wenye mashamba, ambao walikuwa wakipoteza vibarua, walipenda kudai kwamba maskini wale wamelewa hadithi za Amerika. Lakini kati ya mwaka 1876 na 1914 waliondoka Italia watu wapatao milioni 14. Idadi kama hiyo haielezeki kwa hadithi za vijiweni. Tukitaka kuwaelewa, tuanze jikoni mwao.

Kaskazini mwa Italia, hasa Veneto na Lombardia, chakula cha mkulima maskini kilikuwa polenta, yaani ugali wa mahindi. Asubuhi ugali, jioni ugali, na mara nyingi bila mboga ya maana. Ngano aliyoilima ilikwenda kwa mwenye shamba, au sokoni kulipia madeni. Mahindi matupu hayaupi mwili vitamini ya niasini inayotosha, na matokeo yake yalikuwa ugonjwa uitwao pelagra: ngozi huchubuka, tumbo huharisha, na hatimaye akili huvurugika. Wagonjwa wengi waliishia katika hospitali za vichaa. (Sisi wala ugali tusitishike: maharage, dagaa na karanga vinatulinda. Wenyeji wa Mexico, waliokuwa wa kwanza kulima mahindi, waliyachemsha kwa chokaa au majivu, na hilo liliwakinga. Mbegu ilivuka bahari, ujuzi huo ukabaki.)

Kwa hiyo tukisema "walikimbia njaa", tuseme kwa uangalifu. Wengi hawakukosa kabisa cha kutia tumboni. Walikula chakula cha aina moja kwa sababu ardhi haikuwa yao. Familia ililima shamba la bwana kwa mkataba wa kugawana mavuno, pengine nusu kwa nusu, au ilifanya kibarua cha kutwa. Watoto waliongezeka, shamba lilikuwa lilelile.

Juu ya hayo ilikuja serikali. Italia iliungana kuwa dola moja mwaka 1861, na dola hilo changa lilikuwa na madeni makubwa. Mwaka 1869 ilianza kutozwa kodi ya kusaga nafaka. Vifaa vya kuhesabu mizunguko ya jiwe vilifungwa kwenye mashine za kusagia, na kila mzunguko ukawa na bei yake. Tuwazie mama anayekwenda kusaga unga wa wanawe, na mbele yake kuna chombo cha serikali kinachohesabu. Wananchi walifanya ghasia, jeshi likatumwa, watu wakauawa. Kodi hiyo haikufutwa kabisa hadi mwaka 1884. Wakati huohuo vijana walichukuliwa jeshini kwa miaka, yaani mikono ile ambayo familia iliitegemea zaidi.

Kisha bei ya ngano ikaanguka. Meli za mvuke zilileta Ulaya ngano ya bei rahisi kutoka Marekani, na mkulima mdogo hakuweza kushindana nayo. Mvuke uleule ndio uliorahisisha safari yake ya kuondoka.

Ng'ambo ya bahari kulikuwa na watu waliomhitaji. Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, na matajiri wa kahawa wa São Paulo walitaka wafanyakazi wapya. Serikali ya huko ililipa nauli za wahamiaji, ikipendelea familia kuliko mtu mmoja mmoja. Sababu yake haikuwa huruma. Familia ilikabidhiwa maelfu ya miti ya kahawa kuitunza kwa mwaka, hivyo baba mwenye watoto wakubwa alikuja na kikosi kizima cha kazi. Mtoto aliyekuwa mzigo kule Veneto alihesabiwa kuwa mali São Paulo. Wengi walinaswa katika madeni ya duka la mwenye shamba, na mwaka 1902 serikali ya Italia ilizuia safari hizo za kulipiwa nauli.

Kusini mwa Italia mambo yalikwenda tofauti. Huko nauli ilitafutwa na mtu mwenyewe, kwa kukopa au kuuza mnyama, kwa hiyo fukara kabisa mara nyingi hakuweza hata kuondoka. Mwanamume alitangulia New York au Buenos Aires, akatuma fedha, akamwita ndugu yake. Wengi walirudi na kununua kipande cha ardhi.

Tusisahau kwamba Wamisionari wa Consolata, ambao waamini wa Iringa wamewafahamu tangu mwaka 1919, walitoka Torino, katika mkoa wa Piemonte, ambao nao ulipoteza watu wengi namna hiyohiyo.

Na Mama Kanisa? Mwanzoni alichelewa. Katika parokia kadhaa za New York, Waitaliano walisalia kwenye vyumba vya chini ya kanisa huku wenzao wakisali juu. Mtakatifu Fransiska Cabrini alifika huko mwaka 1889 pamoja na masista sita. Papa Leo XIII, katika Waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliligusa jambo hili: mfanyakazi akiwezeshwa kumiliki mali, hatakuwa na sababu ya kuiacha nchi yake.

Aliyelifuatilia kwa karibu zaidi ni Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2022. Aliwaona wahamiaji wamejazana katika stesheni ya reli ya Milano, na mwaka 1887 akaanzisha shirika la wamisionari kwa ajili yao. Hakuwakemea waliokuwa wakiondoka. Aliwakemea mawakala waliozunguka vijijini wakilipwa kwa kila kichwa walichoandikisha. Kwake, kuhama ni haki ya mtu, bali kumsukuma mtu ahame ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1904, akiwa na miaka 65, alivuka bahari mwenyewe kwenda kuwatembelea wahamiaji wa Brazili. Alifariki mwaka uliofuata.