Nani Alikohoa Duarani?

Mchimbaji mdogo anaposhuka duarani huko Nyarugusu, mkoani Geita, jua huliacha mdomoni mwa shimo. Chini njia ni finyu, hewa haina pa kutokea, na wenzake wako karibu. Mmoja akikohoa, pumzi yake wanaivuta wote.

Watafiti wa maambukizi ya njia ya hewa huuliza: nani kamwambukiza nani? Mkenya Patrick Munywoki alilifanya swali hilo kuwa tasnifu yake ya uzamivu. Yeye na wenzake walifuatilia kaya 44 za Kilifi, Kenya, katika msimu wa 2009 hadi 2010 wa RSV, virusi vya njia ya hewa. Kila baada ya siku 3 au 4 walichukua sampuli puani mwa kila mwanakaya, awe mgonjwa au mzima, hadi zikatimia 15,396. Watoto wachanga 28 waliambukizwa. 15 kati yao walivipata virusi ndani ya kaya. Kwa 11 kati ya hao 15, aliyeanza kuambukizwa alikuwa mtoto mkubwa, na watoto wakubwa 10 kati ya hao 11 walikuwa wanafunzi.

Virusi vilirudi nyumbani na begi la shule.

Kwenye ukanda wa dhahabu, kutoka Geita hadi Kahama mkoani Shinyanga, duara linaweza kufanya kazi ya darasa. Humo tishio kubwa ni kifua kikuu. Hicho huletwa na bakteria, si virusi, lakini nacho husafiri kwa hewa. Tena duarani kina msaidizi ambaye darasa halina: vumbi.

Mwamba wenye silika ukitobolewa au kupondwa ukiwa mkavu, hutoa punje zisizoonekana kwa macho, zinazopita pua na koo hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Seli za kinga zilizowekwa huko kula vijidudu huzimeza punje hizo na kufa. Kifua kikuu kikibisha hodi, mlinzi hayupo. Vumbi peke yake pia huleta silikosisi, kovu la mapafu lisilotibika.

Mwaka 2015 Perry Gottesfeld na wenzake walichapisha vipimo vya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania. Watobozi wa chini ya ardhi walikuwa wakivuta hewa yenye wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa kila mita ya ujazo, mara 337 ya kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini. Juu ya ardhi ilikuwa miligramu 0.19, karibu mara 4 ya kiwango hicho.

Kitambaa puani hakizuii punje ndogo namna hiyo. Maji husaidia zaidi: yakimwagwa penye ncha ya drili na juu ya mawe kabla ya kupondwa, sehemu kubwa ya vumbi hutulia palepale.

Ila maji hayamtafuti aliyekwisha kuambukizwa. Mgonjwa akigundulika, wa kwanza kufuatwa ni wale anaolala nao nyumba moja. Lakini hata huko Kilifi, wachanga 9, ambao bado hubebwa mgongoni, waliambukizwa nje ya kaya zao. Sembuse mtu anayeshinda shimoni na wenzake? Basi mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya, aitaje kazi yake, na awataje wote anaoshuka nao. Katika vituo vya serikali, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.