Fahamu Maana ya Alama za Barabarani na Wajibu wa Kuzilinda

Barabara kuu kutoka Manispaa ya Bukoba kuelekea Muleba, mkoani Kagera, hupita Kemondo na Muhutwe, katikati ya vijiji, shule, magulio na mashamba ya migomba. Katika maeneo ambayo kona au migomba huzuia dereva kuona mbele, alama ya barabarani ndiyo inayomwarifu mapema hatari iliyopo.

Kwa kawaida, umbo na rangi ya alama hutoa ujumbe hata kabla ya mchoro wake kusomeka. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya kuhusu hatari kama vile kona kali, mteremko au watoto wanaovuka. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka ukomo, ilhali duara la buluu huamuru jambo la lazima kutekelezwa. Alama nyekundu ya pembe nane humtaka dereva asimame kabisa, hata kama haoni gari lingine. Pembetatu iliyogeuzwa chini juu humtaka awapishe wengine. Mabao ya mstatili aghalabu hutoa maelekezo na taarifa.

Alama ya mwendokasi wa kilomita 50 kwa saa ni miongoni mwa zinazopuuzwa sana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kwa sekunde moja, wakati lile la kilomita 50 husafiri takriban mita 14. Tofauti hiyo ya mita nane, kabla dereva hajakanyaga breki, yaweza kuamua uhai wa mwanafunzi anayevuka barabara.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inawahusu watumiaji wote wa barabara, wakiwemo waendesha bodaboda, waendesha baiskeli na waenda kwa miguu.

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya na mijini husimamiwa na TARURA. Hata hivyo, kuzilinda alama ni wajibu wa kila mwananchi. Kung'oa alama na kuiuza kama chuma chakavu ni kosa la jinai, na humwacha dereva mgeni akiingia kwenye kona kali bila onyo. Mwananchi anayeona alama imeng'olewa, imeanguka au imefunikwa na majani anapaswa kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, au kituo cha polisi kilicho karibu, ili irejeshwe mapema.