Je, Wajua? Rozela Hupima Uchachu

Rozela kavu ya sokoni Kariakoo, wengine huiita choya, ni kipimo cha pH, yaani kiwango cha uchachu. Ichemshe: maji mekundu. Tia magadi kidogo: yanageuka buluu, kisha kijani! Kamulia ndimu, wekundu unarudi.

Skeli ya pH aliibuni Mdenmark Søren Sørensen mwaka 1909. Katikati ni 7. Kila hatua ni mara 10: udongo wa 5 ni mchachu mara 100 kuliko wa 7.

Mboga nyingi hupenda 6 hadi 7. pH ikizidi sana, mmea hukosa madini ya chuma. Majani machanga huwa njano, mishipa ikibaki kijani.

Unapanda mchicha kwenye ndoo barazani? Punguza majivu ya jikoni, hupandisha pH. Na maji ya kisima yaonje kwanza: chumvi ya kawaida haigeuzi rangi ya rozela, lakini huunguza mizizi.