Fegi Inayofuata Muguka

Mwezi Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, jani la kutafuna linalochangamsha, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikaisimamisha marufuku hiyo. Siku hizo tulibishana sana juu ya jani: usingizi, meno, ada za shule za watoto wa wakulima wake wa Mbeere, Embu. Sigara inayowashwa jani likiwa bado shavuni haikupewa nafasi iliyostahili.

Kaa jioni kwenye kibanda cha miraa Maua, Meru, au cha muguka Kiritiri, Embu. Muuzaji ana njugu, bigijii, soda na pakiti ya sigara iliyokwisha kufunguliwa, anauza moja moja, ingawa sheria ya tumbaku ya 2007 hairuhusu pakiti yenye sigara chini ya 10. Kibiriti kimefungwa kwa kamba kisiondoke na mteja. Wanaochana, yaani wanaotafuna, husema fegi, yaani sigara, huongeza handas, ule mchangamko wa jani. Watafiti, hapa kwetu na hata Yemen, wameuona uhusiano kati ya kutafuna na kuvuta: wapo wasiogusa sigara mpaka waanze kutafuna, kisha wakawasha moja baada ya nyingine. Watu hawa hawajioni kuwa wavutaji. Kliniki wakiulizwa kama wanavuta, ni rahisi kujibu hapana, na hapana hiyo ikaandikwa kwenye kadi. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo husababisha saratani. Njia zetu za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na makohozi kwenda juu. Moshi huvilemaza, makohozi yakabaki kifuani, na ndipo kinapoanza kile kikohozi cha asubuhi ambacho watu husingizia baridi ya Nyambene. Chini zaidi, kuta za vifuko vya hewa hulika polepole, na zikishabomoka hazijengeki tena. Kifua kikuu nacho humpata mvutaji kwa urahisi zaidi, katika nchi ambayo bado inasumbuliwa nacho.

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, huuzwa kama njia safi ya kuvuta. Kweli, haichomi tumbaku, na sumu zake kwa kawaida ni chache kuliko za sigara. Lakini mvuke wake hubeba nikotini, fomaldehaidi na chembe za metali hadi mapafuni. Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa mapafu yaliyoharibiwa na uvutaji huo, 68 kati yao wakiwa wamefariki. Wengi walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na kemikali ya vitamini E. Kijana asiyewahi kuvuta hana sababu yoyote ya kuanzia hapo.

Anayeacha hupata nafuu. Vinyweleo huamka ndani ya miezi michache, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Ila lazima kwanza ahesabiwe. Ningependa wahudumu wa afya wa Meru na Embu, wakishauliza, "Unavuta?" na kujibiwa hapana, waulize tena kwa upole: "Na ukichana, unawasha ngapi?"