Imani Ilivyotengwa na Maisha ya Umma Barani Ulaya

Tunaposikia kwamba Ulaya imemwacha Mungu, wengi wetu hudhani kuwa ni kazi ya wasomi waliomkana Mungu. Historia inatudai zaidi. Hata neno linalotumiwa huko kwa mambo ya kidunia limetoka katika Kilatini cha Kanisa, saeculum, yaani zama au ulimwengu huu upitao. Sheria ya Kanisa bado humtaja padre wa jimbo kwa neno la asili hiyo, ili kumtofautisha na mtawa. Wala si tusi.

Mageuzi yalishika kasi pale Wakristo walipouana. Vita vya Miaka 30, tangu 1618 hadi 1648, viliziteketeza nchi za Ujerumani. Vilipokuwa vikiendelea, mwaka 1625, Hugo Grotius, Mprotestanti wa Uholanzi, alichapisha kitabu juu ya sheria ya vita na amani. Humo alisema kwamba sheria ya maumbile ingekuwa na nguvu hata kama tungekubali kuwa Mungu hayupo, jambo ambalo, aliongeza, haliwezi kukubaliwa bila uovu mkubwa. Waliokuja baadaye waliishika hoja, wakaiacha tahadhari.

Nchini Ufaransa badiliko hilo linaonekana wazi katika vitabu vya parokia. Paroko ndiye aliyeandika waliozaliwa, waliooana na waliofariki, naye mfalme alivitegemea vitabu hivyo. Lakini baada ya mfalme kuwafutia Waprotestanti uhuru wa ibada mwaka 1685, ndoa zao hazikutambuliwa kisheria zisipofungwa mbele ya padre Mkatoliki. Walisubiri hadi 1787 kupata nafuu. Basi, sheria ya tarehe 20 Septemba 1792 ilipoikabidhi serikali za mitaa kazi hiyo, kwao ilikuwa haki iliyochelewa. Siku hiyohiyo, hata hivyo, sheria nyingine iliruhusu talaka. Na mapema mwezi uleule maaskofu watatu na mapadre wengi walikuwa wameuawa Paris. Mwaka uliofuata Kanisa Kuu la Notre-Dame liligeuzwa kuwa hekalu la Akili. Utengano kamili wa Kanisa na dola ulikuja mwaka 1905, nao ulipingwa vikali na Papa Pius X.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, haukuficha kwamba waamini nao wanaweza kuwa na sehemu kubwa katika kuzuka kwa ukanamungu, hasa mwenendo wao unapouficha uso wa Mungu. Hati hiyo, katika namba 36, inakiri pia kwamba mambo ya dunia yana taratibu zake halali, bali inakataa dai kwamba viumbe havimtegemei Muumba. Kwa kipimo hicho, kitabu cha vizazi katika ofisi ya meya ni jambo halali. Hekalu la Akili ni jambo jingine kabisa.