Miamba na Maisha Yetu (3): Miaka 100 ya Kuisoma Ardhi ya Tanzania

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi miamba inavyoumbika na jinsi Bonde la Ufa lilivyoipasua nchi yetu. Leo tuwaangalie watu waliotuwezesha kuyajua hayo. Mwaka 2025 Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma, ilitimiza miaka 100. Ilizaliwa mwaka 1925 ikiwa idara ya serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza, ikafanywa wakala mwaka 2005, na sasa ni taasisi chini ya Wizara ya Madini. Majina yamebadilika, lakini jukumu la msingi ni lilelile: kuchora ramani ya miamba ya nchi nzima na kuitunza kwa manufaa ya umma.

Ramani hiyo huchorwaje? Nchi imegawanywa katika miraba zaidi ya 300, kila mmoja wa nusu digrii kwa nusu digrii, yaani upande wa kilomita 55 hivi. Mjiolojia hupangiwa mraba wake, akaingia porini na nyundo, dira, lenzi ya mkononi na daftari. Hufuata mito na makorongo, kwa kuwa huko maji yamekwisha kuondoa udongo na kuuacha mwamba wazi. Akiufikia, haridhiki na sura yake ya nje, maana jua na mvua huigeuza. Huumegua, akautazama ndani, akapima umeinamia upande gani na kwa nyuzi ngapi, kisha akachukua sampuli na kuipa namba. Maabara, kipande cha sampuli husagwa hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, wembamba unaopitisha mwanga, ndipo hadubini ionyeshe madini yaliyomo. Baada ya sampuli nyingi za namna hiyo ndipo mtaalamu huthubutu kupiga mstari kwenye karatasi na kusema kwamba hapa mwamba huu unakoma na ule unaanza.

Safari hizo zimewahi kuishangaza dunia. Mwaka 1960, mjiolojia wa idara hiyo, J. B. Dawson, alishuka ndani ya kreta ya Oldoinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Lava nyingi duniani zimejaa silika. Aliyoikuta humo ilijaa kaboneti, hasa za sodiamu. Lava hiyo hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava tulizozizoea. Ni nyeusi, hutiririka kwa wepesi wa ajabu, na baada ya muda mfupi hugeuka nyeupe kwa kukutana na unyevu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1962. Hadi leo hakuna volkano hai nyingine inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo.

Hata hivyo, utumishi wa taasisi hii tusiupime kwa maajabu peke yake, wala kwa dhahabu. Faida yake kubwa ni maamuzi ya kila siku ya watu ambao huenda hawajawahi kulisikia jina lake. Mchimbaji mdogo anayepeleka sampuli maabara na kuambiwa hamna kitu, ameokolewa asizike akiba yake shimoni. Halmashauri inayotaka kuchimba kisima huhitaji kujua wapi graniti imepasuka, kwani kwenye graniti maji hukaa katika nyufa na katika tabaka lililooza juu yake. Na maporomoko yalipoukumba mji wa Katesh chini ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, wananchi walihofu kwamba volkano imeamka. Wataalamu wa serikali waliuchunguza mlima na kueleza kwamba sehemu yake yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Jibu kama hilo haliwezi kutolewa na nchi isiyoijua miamba yake.

Haki inatudai tukumbuke pia kwamba ramani za awali zilichorwa kwa maslahi ya wakoloni. Jina la mjiolojia liliandikwa kwenye ramani. La mwenyeji aliyemwongoza hadi korongoni na la mpagazi aliyebeba mawe mara nyingi halimo. Karne hii ni yao pia.

Kazi bado ipo. Serikali imekusudia kupima nchi kwa ndege zinazosoma usumaku na mionzi ya miamba kwa undani zaidi, kutoka asilimia 16 ya eneo lake hadi asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ni nia njema, lakini ndege haiondoi haja ya nyundo, wala data mpya haiondoi haja ya kutunza majalada ya zamani. Kwa maoni yangu, heshima inayoifaa taasisi hii ni bajeti ya kudumu, vijana wa kurithi ujuzi, na halmashauri zinazoiuliza kabla ya kupima viwanja mlimani au kuchimba visima. Ramani hizi zimelipiwa na umma, basi umma uzitumie.

Juma lijalo tutaeleza jinsi miamba ya volkano ya kaskazini inavyotia floraidi katika maji ya kunywa, na kwa nini meno ya watoto wengi wa Arusha yana rangi ya kahawia.