Iktisadi ya Umeme Katika Kigari cha Rimoti

Vijana wa Kampala wanaonunua kigari cha rimoti kwa mara ya kwanza, na wazee wao wanaotoa fedha za kukinunua, aghalabu huipata furaha na huzuni katika saa moja: kigari huchajiwa usiku kucha, hukimbia uani dakika kumi au chini yake, kisha hulegea, husimama, na kurejeshwa kwenye chaja kwa muda ulio mrefu mara nyingi kuliko ule uliochezewa. Fikra ya kwanza inayowajia wenyewe ni kununua betri kubwa zaidi. Rai yangu ni kwamba betri kubwa inastahili kuwa jambo la mwisho, kwa kuwa katika vigari vingi vya wanaoanza sehemu kubwa ya umeme haiendi katika mwendo bali huishia katika joto, na mwenye kuongeza betri bila kuzuia israfu hiyo huwa ameongeza tu kitu cha kupotezwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Juu ya betri huandikwa volti zake, na kando yake idadi inayofuatwa na alama mAh, yaani miliampea-saa, ambayo ndiyo kadiri ya umeme uliohifadhiwa. Betri ya miliampea-saa 3000 inaweza kutoa ampea 3 kwa saa nzima, au ampea 10 kwa dakika 18, au ampea 20 kwa dakika 9. Kigari cha kipimo cha moja kwa kumi chenye mota ya kawaida iitwayo 540, ambayo imo katika vigari vya wanaoanza tangu kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, hutumia kwa wastani ampea 10 hivi kikiendeshwa kwa nguvu kwenye sakafu ngumu. Dakika za mchezo, basi, hazitokani na betri peke yake, bali hutokana na betri ikigawanywa kwa ampea, na mchezaji anazo njia nyingi za kuzipunguza ampea zisizomgharimu hata shilingi.

Mota ya umeme ina tabia ambayo asiyeijua hawezi kuitunza betri. Inapozunguka kwa kasi bila mzigo huzalisha ndani yake volti zinazopingana na zile za betri, na kwa sababu hiyo mkondo unaopita huwa mdogo. Mota ya 540 katika hali hiyo hutumia ampea mbili au tatu tu. Walakini ikizuiwa isizunguke, upinzani ule hutoweka, na mkondo hupanda hata kuvuka ampea 50, ilhali hakuna kazi yoyote inayofanyika na umeme wote unageuka kuwa joto. Baina ya ncha hizi mbili ndimo kigari kinamoishi, na kila kinapoondoka kutoka hali ya kusimama, au kinapokwama kwenye majani marefu, au kinapong'ang'ania jiwe, hukisogelea kiwango kile cha hasara. Tena joto hilo haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto katika nyaya za mota huwa mara nne. Ndiyo maana wachezaji wawili wenye vigari vya namna moja na betri za namna moja hupata dakika zilizo tafauti sana, mmoja akikanyaga mafuta mpaka mwisho na kufunga breki kila hatua mbili, na mwenziwe akiuongeza mwendo taratibu na kuuachia mapema kabla ya kona.

Watu wa mji huu husema kwamba vilima ndivyo vinavyomaliza betri, na kwa anayeishi kwenye miteremko ya Kololo, Rubaga au Makerere kauli hiyo huonekana dhahiri. Lakini ni kweli kwa sehemu tu. Kukipandisha kigari cha kilo 2 hadi kimo cha mita 10 huhitaji nishati ya jouli 200 hivi, na betri ya volti 7.2 yenye miliampea-saa 3000 ina jouli karibu 78,000, kwa hiyo mlima kwa haki yake haudai hata sehemu moja katika mia tatu ya betri. Kinachokula umeme ni kule mota kulemewa ikapunguza mzunguko, mkondo ukapanda, na joto likazaliwa kwa wingi kuliko kazi. Mwenye kuukabili mlima akiwa tayari ana mwendo, akapanda moja kwa moja pasi na kusimama katikati, hulipa kidogo. Na akiteremka hupewa mwendo pasipo kutumia umeme. Majani hayana insafu hiyo. Majani ya pasipalamu yaliyopandwa katika nyua nyingi za Kampala, yakiachwa marefu, huyavuta magurudumu kwa kila mita ya kwenda na kila mita ya kurudi, wala hayarudishi kitu. Kama una hiari ya kuchagua pa kuchezea, chagua udongo mwekundu ulioshindiliwa au saruji, na dakika zitaongezeka siku hiyo hiyo bila fundi wala duka.

Baada ya uendeshaji huja gia, na hapa ndipo penye faida kubwa ambayo wengi huiacha. Vigari vya kuchezea tu, vile vya bei nafuu vilivyofungwa moja kwa moja, havibadilishwi gia. Lakini vile vinavyouzwa pamoja na vipuri vyake huwa na gia ndogo kwenye ncha ya mota, inayofungwa kwa skrubu moja na kutolewa kwa dakika chache. Tuseme gia hiyo ina meno 20, ukaiondoa ukaweka ya meno 17: mwendo wa juu kabisa utapungua kwa asilimia 15, lakini kwa kazi ile ile ya kuyasukuma magurudumu mkondo nao utapungua kwa kadiri hiyo, na joto katika nyaya za mota litapungua kwa zaidi ya robo. Mchezaji anayeanza, ambaye bado hajamudu kukipitisha kigari kwenye kona bila kugonga ukuta, hapotezi chochote kwa kupungukiwa na mwendo huo; na mimi ningeiweka gia ndogo zaidi katika kila kigari cha anayejifunza kabla hakijatoka dukani. Unapoirudisha mota mahali pake, weka ukanda mwembamba wa karatasi baina ya gia mbili, uzisogeze zikutane, ukaze skrubu, kisha uitoe karatasi. Nafasi iliyobaki itatosha meno yasisagane wala yasiruke.

Mambo ya msuguano nitayapita upesi. Inua kigari, zungusha kila gurudumu kwa kidole, na lile linalosita limefungwa na nyuzi au nyasi zilizojiviringisha kwenye ekseli, au limejaa vumbi jekundu ambalo likichanganyika na grisi hugeuka msasa. Vijibushi vya plastiki vinavyokuja na vigari vya bei rahisi hubadilishwa kwa beringi za chuma. Kichwa cha waya kinachounganisha betri, kikishikwa baada ya mchezo kikawa na joto, ni ishara ya mguso mbaya unaokula volti kabla hazijafika kwenye mota. Kibadilishwe, na kipya kilehemiwe vizuri.

Kuna kosa moja lisiloonekana kwa macho, nalo huwaongoza wengi kuitupa betri nzima. Kidhibiti-mwendo, kile kisanduku kidogo kilicho baina ya betri na mota, hukata umeme volti zikishuka mno, na huwa na kitufe au kijichomeko cha kuchagua aina ya betri, ya nikeli au ya lithiamu. Katika vidhibiti vingi mpaka wa lithiamu ya seli mbili huwa karibu na volti 6 na nusu, na wa nikeli huwa chini zaidi, volti 4 na nusu hivi. Betri ya nikeli ya seli sita ikitumiwa katika mpaka wa lithiamu, kila mota inapovuta kwa nguvu volti huzama kidogo chini ya mpaka, na kigari hukatiwa umeme wakati betri ingali na akiba nzuri. Kinyume chake ni hatari kubwa zaidi: betri ya lithiamu katika mpaka wa nikeli hukamuliwa mpaka chini ya volti 3 kwa seli, na hapo huharibika pasina tiba, huvimba, na yaweza kushika moto itakapochajiwa tena. Kabla ya kulaumu betri, soma kitufe hicho kimewekwa wapi.

Ama kuhusu kununua, hadhari inahitajika. Kikuubo na maduka ya mitaa ya chini yamejaa betri za kila namna, na miongoni mwake zimo zinazodai yasiyowezekana. Seli ya lithiamu ya duara iitwayo 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, huuzwa ikiwa na maandishi ya miliampea-saa 9900, ilhali hakuna kiwanda duniani ambacho kwa kipimo hicho kimefika hata nusu ya idadi hiyo. Ipime kwenye mizani ndogo: iliyo ya kweli huwa na gramu 45 hivi, na ile iliyo nyepesi sana haina ndani yake kile kilichoandikwa nje. Kwa vigari vinavyotumia betri ndogo za tochi, zile za bei ya chini kabisa za zinki na kaboni hazifai, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mkubwa na volti zake huanguka mara tu mota inapoomba mkondo. Za kuchajiwa za nikeli, ijapokuwa zina volti 1.2 tu, hudumu zaidi mbele ya kazi nzito.

Uhai wa betri huamuliwa pia ukutani, kwenye soketi. Chaja nyingi za nikeli zinazokuja na vigari hazijui betri imejaa lini, na zile zenye saa ya kujizima huanza kuhesabu upya kila umeme unapokatika na kurudi, jambo ambalo katika mitaa yetu si la nadra. Betri iliyokuwa imebakiza nusu saa hujikuta ikipikwa kwa saa nyingine kadhaa. Fanya hesabu mwenyewe: betri ya miliampea-saa 1500 kwa chaja ya miliampea 250 huhitaji saa 8 au zaidi kidogo, na zikitimia ichomoe. Betri iliyotoka mchezoni ikiwa moto isichajiwe mpaka ipoe. Ya lithiamu isiachwe imejaa kwa wiki nyingi, wala isiachwe tupu. Iwekwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, mahali penye kivuli, wala isichajiwe usiku watu wamelala.

Nayasisitiza haya kwa sababu seli hizo aghalabu zina kobalti, madini ambayo Kongo jirani yetu hutoa zaidi ya nusu ya yote yanayochimbwa duniani, na ambayo Uganda yenyewe iliyapata Kasese kuanzia mwaka 1999, kwa kutumia bakteria kuyatenga katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Kitu kilichotolewa ardhini kwa jasho namna hiyo hakistahili kufa baada ya miezi miwili kwa uzembe wa chaja.

Iktisadi ninayoieleza ndiyo ile ile iliyowakabili wahandisi wa Makerere walipoitoa Kiira EV mwaka 2011, gari la watu wawili lililokusudiwa kwenda kilomita 80 kwa chaji moja. Katika magari makubwa na madogo uzito wa betri nao ni mzigo: pakiti ya nikeli ya miliampea-saa 3000 ina gramu 350 hadi 400, na ya lithiamu yenye kadiri hiyo hukaribia nusu yake. Waendeshaji wa pikipiki za umeme za Zembo hapa Kampala hawabebi betri ya siku nzima. Huiacha iliyokwisha kituoni na kuchukua iliyojaa. Na wewe, ukishayatengeneza yote niliyoyataja na bado unataka dakika zaidi, usinunue betri kubwa itakayokilemea kigari. Nunua ya pili iliyo sawa na ya kwanza, uzibadilishe kwa zamu, na kila ibadilishwapo uipe mota dakika kumi ipoe.